Kabla Hujapewa Mhuri: Mwongozo Kamili wa Kujijenga Kimaadili Ukiwa Bado Mwanafunzi wa Sheria

Kila mwaka vyuo vikifungwa, ofisi yetu ndogo hapa Dar es Salaam hupokea wanafunzi wa sheria wanaokuja fildi. Siku ya kwanza huwauliza: maadili ya uwakili ni nini? Wananijibu vizuri mno. Wanataja uaminifu, kutunza siri, mgongano wa maslahi, wengine mpaka namba za kanuni. Wiki ya pili mmoja anapiga picha jalada la mirathi na kuliweka kwenye stetasi ya WhatsApp, chini yake ameandika "kazi iendelee". Mwingine anamsainia mwenzake daftari la mahudhurio. Wa tatu ananiletea hoja za maandishi zilizobebwa na kesi ambayo haijawahi kuamuliwa na mahakama yoyote duniani.

Hawa si vijana wabaya. Maadili waliyasomea mtihani, hawakuyafanyia mazoezi. Nimeshalieleza hili kwa ufupi mara kadhaa na bado makosa ni yale yale, kwa hiyo safari hii nakwenda hatua kwa hatua. Nafuata sheria za Tanzania Bara. Aliye Zanzibar au Kenya ana sheria yake na chama chake cha mawakili, lakini mazoezi hayabadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo

- Nakala ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, pamoja na Kanuni za Mwenendo na Maadili ya Mawakili za mwaka 2018. Zichapishe. Za kwenye simu hutazisoma.
- Kaunta buku moja la jalada gumu. Simu huazimwa, huibiwa, huzimika. Na mambo utakayoandika humu hayafai kuonwa na kila anayekuomba umpigie picha.
- Laini ya simu ya pili yenye akaunti ya fedha isiyo na hata shilingi yako. Kazi yake utaiona hatua ya 6.
- Mtu mzima mmoja wa fani: wakili, hakimu mstaafu au mhadhiri, anayeweza kukwambia "hapo umekosea" bila kukucheka na bila kukuficha.
- Rafiki mmoja wa mwaka wako aliyekubali kufanya mazoezi nawe.

Muda unaohitajika ni dakika kumi kila siku na saa moja Jumapili. Mwaka wa kwanza ndio mzuri wa kuanza, ila hata wa mwaka wa mwisho hajachelewa.

## Hatua ya 1: Soma Kanuni ukiwa na penseli mkononi

Tenga jioni mbili. Soma Kanuni za 2018 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila ukikuta katazo jiulize kama ulishalivunja kwa sura yake ya kichuo. Kanuni inakataza kutoa siri ya mteja: je, uliwahi kutangaza nani kapata sapu? Inakataza kuchanganya fedha za mteja na zako: je, uliwahi kula mchango wa darasa ukitegemea bumu likiingia utarudisha? Weka alama pembeni na tarehe kama unaikumbuka.

Kisha ingia TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu na sheria za Tanzania, utafute maamuzi yanayohusu mawakili waliofikishwa kwenye nidhamu. Malalamiko husikilizwa na Kamati ya Mawakili, ambayo inaweza kuonya, kusimamisha, hata kuagiza jina lifutwe kwenye orodha ya mawakili. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Soma maamuzi matano, na katika kila moja tafuta siku jambo lilipoanza, siku ambayo mhusika angeweza kurudi nyuma bila gharama kubwa. Iandike.

Umefaulu ukiweza kutaja, bila kufungua kitabu, makatazo matano yanayokugusa wewe binafsi. Ukijikuta unataja ya mwenzako, rudia.

## Hatua ya 2: Usitaje kesi ambayo hujaifungua

Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani hoja zilizotaja maamuzi sita ambayo ChatGPT ilikuwa imeyatunga. Walipoagizwa walete nakala za maamuzi hayo, wakaleta, nazo zimetungwa na mashine ile ile. Jaji Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000 na kuwaamuru wawaandikie barua majaji ambao majina yao yalibandikwa kwenye hukumu za uongo. Ukisoma uamuzi ule utaona kilichowaponza zaidi: waliendelea kuzitetea kesi zile hata baada ya kuulizwa kama zipo. Siku ya kwanza ulikuwa uvivu. Baada ya kuulizwa ukawa uongo.

Fanya hivi kwa kila kazi ya darasani, hata ile ya alama tano:

1. Fungua hukumu yenyewe, si muhtasari wake.
2. Nakili kwa mkono sentensi unayoitegemea, uandike na ukurasa.
3. Angalia kama Mahakama ya Rufani ilishaitengua au kuitofautisha, yaani kusema haihusiki kwa kuwa mazingira yake ni mengine.
4. Pembeni andika nani alikupa hiyo kesi: mhadhiri, mashine, au desa la mwaka juzi.

Hilo desa naliogopa kuliko mashine. Mashine angalau unaishuku. Desa lina mwandiko wa kaka aliyefaulu, na kosa lake limeshapita mikononi mwa madarasa manne.

Kuna kipande ambacho wengi hukiruka: kesi inayokupinga. Wakili ni ofisa wa mahakama, na hawezi kumficha jaji uamuzi unaombana kisha akajiona mjanja. Kwenye mahakama za mfano chuoni, jizoeze kuanza na kesi mbaya kuliko zote kwa upande wako. Itaje, ieleze kwa haki, kisha onyesha kwa nini ya kwako ni tofauti. Mwanzoni utahisi unampa mpinzani kisu, lakini kisu hicho alikuwa nacho tangu jana.

Kipimo: mpe rafiki yako kazi yako, achague rejea yoyote. Kama huwezi kumwonyesha ukurasa ndani ya dakika moja, iondoe.

## Hatua ya 3: Saini yako isitembee bila wewe

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe.

Chuoni saini ni kitu rahisi. Karatasi ya mahudhurio inazunguka darasani. Waliokaa ni arobaini, majina yanatoka sitini. Kazi ya kikundi cha watu wanane imefanywa na wawili, na wanane wote wamejaza namba zao za usajili. Kila mtu anajua, mwalimu naye anajua. Mkono unazoea.

Nilipokwenda fildi, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Bosi alikuwa msibani. Mhuri ulikaa kwenye droo ya juu, wino wake umekauka kiasi kwamba lazima uupulizie pumzi ndipo ushike. Akaja kijana ameshika hati ya kiapo ya kaka yake, imeshasainiwa. Kaka mwenyewe yuko Tabora. Nikampigia bosi. "Mgongee tu, mimi nitasaini Jumatatu." Nikapulizia, nikagonga. Kwenye jurati, yaani kile kipande cha mwisho kinachosema kiapo kimeliwa wapi, lini na mbele ya nani, nikajaza kwa mwandiko wangu mzuri: Dar es Salaam, na tarehe ya siku ile.

Miezi minne baadaye mahakama iliruhusu yule kaka ahojiwe juu ya kiapo chake. Wakili wa upande wa pili alikuwa mama mmoja mpole sana. Akamuuliza siku hiyo alikuwa wapi. "Tabora, namuuguza mama." Na hati hii aliisainia wapi? "Huko huko Tabora, nikampa dereva wa basi ailete." Mama akasema hana swali zaidi, akakaa. Kiapo kikatupwa, ombi lililokiegemea likaanguka nalo. Tulipotoka nje yule kaka alinishika mkono akanishukuru kwa kuja.

Sheria ya Notari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna, yaani yule anayeapisha na kusaini jurati, aeleze kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Niliisoma mwaka wa tatu na mtihani wake nilifaulu.

### Zoezi la wiki nne

Kila unapoweka saini mahali popote, andika kwenye kaunta buku mambo manne: nimesaini nini, wapi, nimekisoma, nilikuwepo. Karatasi ya mahudhurio, fomu ya hosteli, fomu ya mkopo, hata daftari la mlinzi getini. Wiki ya kwanza utashangaa ni vingapi hukuvisoma.

Ukiombwa kumsainia mtu, tumia sentensi hii au itakayokukaa mdomoni: "Nitamwambia mwalimu umepata dharura, ila kusaini siwezi." Usitoe hotuba. Anayekuomba anakuomba kama rafiki; mjibu kama rafiki.

Kwenye kazi ya kikundi, pendekeza siku ya kwanza kabisa kwamba ukurasa wa mwisho utaonyesha nani kafanya nini. Ukilipendekeza siku ya kukusanya unatafuta ugomvi. Aliyefiwa au aliyekuwa mgonjwa, semeni wazi kwa mhadhiri badala ya kumbeba kimyakimya.

Tahadhari: usigeuke mnoko wa darasa. Unalinda saini yako wewe. Karatasi nzima ya mahudhurio ina wenyewe.

Utajua umefika siku watu watakapoacha kukuomba. Hawatakwambia. Karatasi itapita mbele yako na hakuna atakayekukonyeza.

## Hatua ya 4: Funga mdomo, kisha funga simu

Mteja akimweleza wakili jambo, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inalilinda, na ulinzi huo hauishi kesi ikiisha. Makarani na wasaidizi wa wakili nao wamo. Ukiwa fildi umeingia mlango huo huo, hata kama unalipwa nauli tu au hulipwi kabisa. Juu yake ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo picha ya jalada uliyopiga "kwa ajili ya ripoti ya fildi" ina mwenyewe.

Siri nyingi hazitoki kwa uadui. Zinatoka kwa sababu habari ni tamu na daladala imekwama Ubungo. Nimewahi kukaa nyuma ya vijana wawili wenye makoti meusi mkononi wakisimuliana ndoa ya mtu, kituo baada ya kituo, mpaka dada mmoja aliyekaa dirishani akashuka kabla ya kituo chake. Sijui alikuwa nani. Nao hawakujua.

Kabla ya kusimulia chochote cha kazini au cha kituo cha msaada wa kisheria, fanya jaribio la jirani: je, mtu anayekaa mtaa mmoja na mhusika akisikia hivi atamtambua? Kuondoa jina hakutoshi. "Mjane mwenye gereji ya pikipiki pale karibu na msikiti" hana jina, na kila mtu anamjua.

Kwenye simu: zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja kabla hujaingia ofisini, maana huenda akaunti hiyo dada yako anaitumia kwenye simu yake. Usipige picha nyaraka bila ruhusa ya maandishi. Usitume jalada kwenye kundi la darasa kuuliza "wakuu, hapa tunafanyaje?" Swali la sheria liulize kavu, bila watu ndani yake.

Usijichanganye hapa: siri hailindi uovu unaopangwa. Mteja anayetaka umsaidie kughushi hati hajakupa siri, amekuomba kosa. Ukiwa mwanafunzi, hilo mpelekee msimamizi wako siku hiyo hiyo.

Mazoezi yake ni mwezi mmoja wa kutosimulia jambo la mtu ambalo hakukuruhusu, hata likiwa zuri. Hata uchumba. Mwenzako wa chumba akikuuliza siku yako ilikuwaje, na ukaweza kujibu kwa ukweli, kwa raha, na hakuna mtu mwingine aliyeguswa, umelipata.

## Hatua ya 5: Majina kwanza, hadithi baadaye

Upo zamu kwenye kituo cha msaada wa kisheria cha chuo, chini ya msimamizi. Jumatatu anakuja mama, anadai matunzo ya mtoto. Unamsikiliza vizuri, unamwandikia. Jumatano anaingia baba mmoja, mpole, naye ana shida ya matunzo ya mtoto. Dakika ishirini ndani ya maelezo yake unagundua ni mtoto yule yule.

Hapo umeshaharibu. Umebeba siri za pande mbili, na sikio halirudishi lilichosikia. Kwa hiyo kabla mtu hajaanza kueleza, chukua jina lake na la anayegombana naye, angalia daftari la wateja, ndipo umwambie aendelee. Inachukua dakika mbili.

Kwenye kaunta buku, ukurasa wa kwanza, orodhesha watu ambao huwezi kuwaamua wala kuwatetea kwa macho makavu: ndugu, mpenzi, mwenye nyumba, anayekulipia ada. Orodha hiyo itumie chuoni. Umeteuliwa kuhesabu kura za serikali ya wanafunzi? "Mimi na mgombea huyu tunakaa chumba kimoja, naomba nafasi yangu apewe mwingine." Sema kabla hujaulizwa.

## Hatua ya 6: Shika hela ya watu

Ushauri huu huwashangaza wengi: gombea utunza hazina. Wa darasa, wa kikundi cha dini, wa safari ya kwenda Bagamoyo, wowote. Kanuni zinamtaka wakili atenge fedha za wateja na zake, na nidhamu ya kutenga haishuki siku ya kuapishwa.

Tuseme mko 43, kila mmoja anachanga 5,000 kwa ajili ya msiba wa mzazi wa mwenzenu. Jumla 215,000. Zote zipokee kwenye ile laini ya pili. Ukipewa taslimu, iweke siku hiyo hiyo na uandike. Swali la kwanza litakalokutega ni dogo: makato ya kutoa pesa nani anayalipa? Kubalianeni mapema, na myaandike kama matumizi. Watu hawagombani kwa laki mbili. Hugombana kwa 3,600 isiyo na maelezo.

Safu zako ni tano: tarehe, aliyetoa, kiasi, kilichotumika, kilichobaki. Kila Ijumaa tuma salio kwenye kundi, hata kama halijabadilika.

Usikope humo. Hata nauli, hata saa mbili. Kukopa hela ya watu "nitarudisha kesho" ni kosa tayari, hata ukirudisha leo jioni, kwa sababu hukuwaomba wenyewe. Na nikwambie ukweli: ukijijua mkono wako mwepesi, usianze na laki mbili mwezi ambao bumu limechelewa. Anza na hela ya maji ya chumba chenu, ya watu wanne.

Mtu yeyote akikupigia usiku akauliza zimebaki ngapi, unapaswa kumjibu ndani ya dakika mbili, na salio la simu lilingane na daftari hadi shilingi ya mwisho.

## Hatua ya 7: Andaa "hapana" yako mapema

Rushwa haiji imejitambulisha. Inaitwa nauli, ya soda, ya maji, shukrani. Inasindikizwa na methali, "mkono mtupu haulambwi", na mara nyingi anayeiomba ni mtu mzima aliyekuzidi umri, uliyemwamkia asubuhi. Ndiyo maana vijana wenye nia njema wanatoa: hawana sentensi ya adabu ya kukataa.

Itengenezeni. Masijala, kwa mfano: "Mzee wangu, naomba kontroo namba nilipie." Ukiambiwa hiki si cha kontroo namba, "Basi mzee naomba nimuulize wakili wangu ofisini, nitarudi." Kwa mteja anayekupenyezea noti ukimpelekea nakala: "Mama, ofisi ndiyo inayopokea malipo, na risiti utapata kule." Fanya na rafiki yako, mmoja akiigiza karani, kwa sauti, mara kumi. Mara ya kwanza sauti itatetemeka. Afadhali itetemekee hosteli.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa na anayepokea. Usiseme "mimi nilitumwa tu kupeleka".

Sheria hiyo hiyo inaitaja rushwa ya ngono, na hili chuoni si hadithi. Mwenye mamlaka akidai mwili kwa ajili ya alama, kosa ni lake. Hifadhi ujumbe, andika tarehe na maneno aliyotumia, usiende ofisini kwake peke yako, mwambie yule mtu mzima wako siku hiyo hiyo. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Usijitungie mtego mwenyewe kwa kujifanya umekubali. Mtego waachie wenye kazi hiyo.

## Hatua ya 8: Kukiri ndani ya saa 24

Utakosea. Utasahau tarehe, utapeleka nyaraka chumba kisicho chake, utamjibu mteja kitu usichokijua. Kinachotenganisha wanafunzi ninaotaka warudi na wale nisiowataka ni muda kati ya kosa na kuniambia.

Sababu yake ni ya kisheria kabisa. Muda wa rufaa ukipita, unaomba nyongeza ya muda, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba mwombaji lazima aeleze kila siku ya kuchelewa. Ukificha kosa Jumatatu hadi Alhamisi kwa aibu, umempa mteja siku tatu ambazo hakuna wakili atakayeweza kuzieleza kwenye kiapo bila kukutaja wewe.

Tumia sentensi nne: nimefanya nini, lini, limeathiri nini, nimeshafanya nini kupunguza. Kwa mfano: "Shikamoo bosi. Leo saa nne nimepeleka hoja za mjibu maombi kwa upande wa pili bila kiambatisho cha pili. Mwisho wa kuwasilisha ni kesho. Nimeshachapisha kiambatisho, kipo mezani kwako, nasubiri maelekezo." Hakuna "samahani sana sana", wala "unajua mtandao ulikuwa unasumbua". Samahani moja inatosha, na iwe mwishoni.

Chuoni anza na vitu vidogo: mwambie mhadhiri alikuongezea alama kimakosa. Ndiyo, hata hilo.

## Hatua ya 9: Usijiite usichokuwa

Shahada ya sheria haikufanyi wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School, kisha maombi kwa Jaji Mkuu, kisha kiapo. Kabla ya hapo, kujitangaza wakili au kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili. Mawakili vishoka tunaowalalamikia mahakamani hawakushuka kutoka mbinguni. Futa "wakili" kwenye wasifu wako wa Instagram leo. Mtu akitaka kumhakiki wakili, mwelekeze kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Mtihani mgumu utatoka nyumbani. Mjomba ana shamba anauza, na wewe ndiye "mwanasheria wetu". Mjibu hivi: "Shikamoo mjomba. Mimi bado mwanafunzi, mkataba siruhusiwi kukuandikia kwa malipo, na sitaki uje upate hasara kwa ajili yangu. Nitakusindikiza kwa wakili, na kabla hatujaenda tuandike wote maswali ya kumuuliza: hati iko kwa jina la nani, mke amekubali, mipaka imepimwa?" Hapo umemheshimu, umemsaidia, na hujavuka mstari. Mjomba akikubali kwenda, kaa kimya ndani ya ofisi ya wakili na usikilize. Ni darasa la bure.

Wangu hakukubali. Alininunia mpaka Krismasi. Mkataba akaandikiwa steshenari kwa elfu tano, mpaka wa mashariki ukasomeka "kuanzia kwenye mwembe hadi kwa mzee wa mkaa". Mwembe wenyewe ulishakatwa mwaka uliotangulia, na mzee wa mkaa ndiye aliyeuchoma.